Mswaki na Mifuo ya Magego

Hakuna katika sisi asiyejua jinsi Mtume wetu (S.A.W.) alivyousisitiza mswaki. Lakini tukitazama namna tunavyoutumia, twaona kwamba wengi wetu huupitisha katika meno ya mbele, ambayo watu huyaona tunapocheka, na magego tukayaacha. Huo ni usafi wa macho ya watu, si usafi uliokusudiwa. Na kuoza hupenda kuanzia huko nyuma.

Sababu yake ni hii. Uso wa gego, pale panapotafuna, si laini. Una mifuo na vishimo, na mingi katika mifuo hiyo ni myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki. Halua au kaimati ikiingia humo hukaa. Vijidudu vilivyomo kinywani huila ile sukari vikatoa uchachu mkali, na uchachu huo huliyeyusha gamba la jino kidogo kidogo. Jino lianzapo kuuma, tundu limekwisha ingia ndani.

Tena kuna jambo ambalo wazazi hughafilika nalo. Mtoto afikapo miaka 6 hivi huota gego nyuma ya meno yake ya utoto, pasi na jino lolote kung'oka. Mzazi hudhani ni la utoto, akasema litang'oka lenyewe. Kumbe ndilo jino lake la maisha. Likipotea halioti jingine.

Basi yatupasa haya:

Kwanza, mswaki, uwe wa mti au wa dukani, uwekwe juu ya uso wa gego, uendeshwe mbele na nyuma, hata gego la mwisho. Gego linalochipuka huwa chini kuliko wenziwe; mswaki na ulazwe kikingamo kutoka upande wa shavu.

Pili, tusilale ila tumesafisha, khasa baada ya vitamu vya usiku wa Ramadhani, kwani mate hupungua usingizini. Na dawa ya meno iwe yenye floridi, ambayo hulitia gamba nguvu.

Tatu, mzazi amsugulie mtoto kwa mkono wake mpaka apate miaka 7 hivi.

Nne, mifuo mirefu isiyofikiwa na mswaki, tabibu wa meno huweza kuiziba kabla haijaoza. Njia hiyo ilitokana na kazi ya Michael Buonocore wa Marekani, aliyeonyesha mwaka 1955 namna ya kuufanya utomvu mgumu ushikamane na jino. Haina sindano wala kung'oa.

Tusingoje mtoto alie usiku ndipo tumfungue kinywa tumtazame.