Ukucha Umevilia Damu Baada ya Mbio au Mlima: Ufanye Nini?

Umeshuka mlimani, au umemaliza mbio za kilomita 42, umevua soksi, na ukucha wa kidole gumba umegeuka zambarau inayoelekea weusi. Kwanza, usiubandue. Mara nyingi huna haja ya kuufanyia chochote.

Weusi huo ni damu. Kidole kimegonga ncha ya kiatu mara maelfu, mishipa midogo ya chini ya ukucha ikapasuka, na damu ikavilia mahali pasipo na pa kutokea. Wengi hudhani kupanda ndiko kunakoumiza, kumbe ni kushuka. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hushukia njia ya Mweka: kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka ni zaidi ya mita 4,000 za mteremko, na hushukwa kwa siku moja na nusu hivi. Katika kila hatua mguu huteleza mbele ndani ya buti. Mkimbiaji hupata hayo hayo kwenye barabara ya lami, polepole zaidi, hasa miguu ikishavimba kwa joto.

Je, utobolewe damu itoke? Jibu liko kwenye maumivu. Kama hauumi, au unauma ukibonyezwa tu, uache. Vaa kandambili siku mbili tatu, inua mguu ukiwa umekaa, na ukihitaji dawa meza panadol, ambayo duka lolote la dawa linayo na haihitaji fedha nyingi. Usikimbilie aspirini, kwa kuwa huzuia damu kuganda.

Lakini kidole kikipwita hadi usingizi ukakosekana, nenda zahanati au kituo cha afya mapema, ndani ya siku moja au mbili, damu ikiwa bado majimaji. Mhudumu atasafisha kidole na kutoboa tundu dogo kwenye ukucha. Ukucha wenyewe hauna hisia, kwa hiyo wengi husikia nafuu papo hapo. Uliza gharama dirishani kabla ya kuhudumiwa, na kama una kadi ya bima ichukue. Ipo mbinu ya kambini ya kupasha sindano moto na kujitoboa mwenyewe, mimi siipendekezi. Tundu lisilo safi ni mlango wa vijidudu, na kutibu kidole kilichotunga usaha ni kazi kubwa kuliko kutibu damu iliyovilia. Mwenye kisukari asijaribu kabisa: kwake hata ukucha usiouma ni wa kuonyesha kliniki.

Baada ya wiki kadhaa ukucha unaweza kulegea na kuanza kuning'inia. Hapo ndipo watu huharibu, kwa kuuvuta kama wanaong'oa jino la mtoto. Kata kipande kilichoachia tu, funika kilichobaki kwa plasta ili kisinase kwenye soksi, na uache ukucha mpya uusukume wa zamani. Osha kwa maji na sabuni, kausha vizuri katikati ya vidole. Kuwa na subira: ukucha wa mguu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi, hivyo wa kidole gumba huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kurudi wote. Ukiona wekundu unaosambaa, usaha, harufu au homa, rudi kwa mhudumu.

Swali ambalo watu hawaliulizi, na lingefaa kuulizwa: nina hakika gani kwamba ni damu? Mwaka 1977 Bob Marley aligunduliwa kuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa mguu, baada ya kudhaniwa kwamba ni jeraha la mpira. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Saratani hiyo ni nadra, lakini sisi wenye ngozi nyeusi tukipata saratani ya aina hiyo, mara nyingi huanzia miguuni, viganjani au chini ya kucha. Njia ya kupima ni rahisi. Piga ukucha picha kwa simu leo, piga nyingine baada ya mwezi, na nyingine baada ya miwili. Damu husogea mbele pamoja na ukucha, na nyuma yake hubaki ukucha safi. Weusi usiosogea, mstari mmoja mpya unaopanuka, au rangi iliyomwagikia kwenye ngozi ya shina la ukucha ni vya kuonyesha daktari wa ngozi. Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, na Dar es Salaam kuna hospitali ya Muhimbili. Anzia kituo cha karibu uombe barua ya rufaa. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, uliyokuwa nayo tangu zamani, kwa kawaida si ugonjwa.

Sasa kiatu, maana shida ilianzia hapo. Nunua jioni, miguu ikiwa imetanuka, na ujaribu ukiwa na soksi utakazotumia. Ukiwa umesimama, mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengine ni cha pili, ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Anayevaa namba 42 mjini huenda akahitaji 43 ya kukimbilia. Ukinunua mitumba, kama pale soko la Memorial, Moshi, usiamini namba iliyoandikwa. Toa soli ya ndani, isimamie, uone kilichobaki mbele. Soli hiyo pia hukuonyesha alama za vidole vya mwenye kiatu wa kwanza. Zikiwa zimechimbika ukingoni kabisa, huyo naye kilimbana.

Kiatu kikubwa kisichofungwa vizuri hakisaidii. Raba nyingi zina tundu la ziada juu kabisa, karibu na kifundo. Ingiza kamba humo upande ule ule ili kibaki kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, kisha pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, funga. Kisigino hukaa mahali pake na vidole havisukumwi mbele. Kwa buti, simama kabla ya mteremko ukaze kamba upya kwenye kifundo. Shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na ukiwa na fimbo za kutembelea, zitumie.

Kucha zikate siku tatu au nne kabla ya safari, kwa mstari ulionyooka, bila kuchimba pembeni. Kikata kucha cha sokoni kinatosha. Na kama ukucha umeshakuwa mweusi na mbio ni wiki ijayo, unaweza kukimbia ikiwa hauumi ukitembea haraka. Ukichechemea, pumzika, kwa sababu anayechechemea huhamishia maumivu kwenye goti.