SITI BINTI SAAD: MWIMBAJI ALIYEDHARAULIWA

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii yanikumbusha Siti binti Saad wa Unguja.

Siti alizaliwa kijijini Fumba karibu mwaka wa 1880. Wazazi wake walikuwa wa asili ya utumwa, na yeye mwenyewe akaitwa Mtumwa. Shule hakusoma. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akivinadi kwa sauti. Mnamo 1911 hivi alihamia mjini, akafunzwa kuimba na kujiunga na wanamuziki wa taarabu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Eti si mzuri wa sura! Eti ametoka shamba na vyungu vyake, sasa anajifanya bibi! Tena mwanamke kuimba hadharani kulionekana aibu. Jamani, mtu alaumiwe kwa kuzaliwa? Siti hakurudisha matusi. Alijibu kwa wimbo kwamba kilicho bora ni akili, si sura.

Wengi walidhani kazi yake ni kuburudisha tu. Hebu tuangalie. Kwanza, taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaimba kwa Kiswahili, watu wa kawaida wakaelewa. Pili, aliimba habari za mahakamani. Wimbo wake wa "Kijiti" wahusu mwanamke aliyeuawa. Mwuaji alitoroka, na waliotoa ushahidi ndio waliofungwa! Asiyejua kusoma gazeti aliipata habari hiyo, na dhuluma yake, kupitia wimbo. Je, hayo ni mapambo tu?

Mwaka wa 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri, na sauti yake ikavuka bahari. Alifariki mwaka wa 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na wanahabari wanawake wa Tanzania (TAMWA) wakaliita gazeti lao Sauti ya Siti.

Tunajifunza nini? Fasihi simulizi haipimwi kwa nasaba ya msimulizi wala kwa sura yake. Hupimwa kwa ujumbe na jinsi unavyowafikia watu. Hata hapa shuleni wapo wanaochekwa kwa lafudhi au kwa sababu mama zao huuza sokoni. Wakisimama kughani shairi, tuwasikilize kwanza.

MASWALI
1. Kwa nini lugha aliyoimbia Siti ilikuwa muhimu?
2. Taja mwimbaji wa kwenu anayedharauliwa. Ujumbe wake ni upi?