Kuhara Wakati wa Matibabu ya Saratani

Wagonjwa wengi wa saratani wakiulizwa kliniki hali zao hujibu, "Namshukuru Mungu," kumbe usiku wote hawakulala kwa kwenda chooni. Wapo wanaoona haya kutaja choo mbele ya daktari. Wapo pia wanaohofia kwamba wakisema, dozi itapunguzwa. Nawasihi waseme. Kuhara kulikofichwa hukausha maji mwilini, huvuruga ratiba ya matibabu, na kunaweza kuua.

Dawa nyingi za saratani hushambulia seli zinazojigawa upesi, na seli za utando wa utumbo hujigawa upesi sana. Lakini bakteria wanaoishi humo nao wana mkono wao. Irinotekani, dawa ya saratani ya utumbo mpana, ni mfano mzuri. Ikishafanya kazi, ini huifunga kwa asidi itokanayo na sukari ili kuyatuliza makali yake, kisha huitoa pamoja na nyongo ili itoke na choo. Ikifika utumboni, baadhi ya bakteria huwa na kimeng'enya kinachokifungua kifungo hicho. Sumu hurudia ukali wake na kuuchubua utando. Ndiyo maana kuhara huku huja siku kadhaa baada ya dripu, mgonjwa akiwa nyumbani. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba kimeng'enya hicho kikizuiwa, kuhara hupungua.

Wanaopigwa mionzi ya nyonga, kama ilivyo kwa wanawake wengi wenye saratani ya shingo ya kizazi, nao kwa kawaida huanza kuhara wiki ya pili au ya tatu ya matibabu.

Je, basi mtu ajitafutie bakteria wazuri? Baadhi ya majaribio yameonyesha kuwa vidonge vya laktobasili, bakteria wa aina hiyo, hupunguza kuhara kwa wanaopigwa mionzi ya nyonga. Mengine hayakuona faida. Hatari yake iko wazi zaidi: chembe nyeupe za damu zikishuka, bakteria hai wanaweza kupenya hadi kwenye damu. Kwa hiyo usimeze vidonge hivyo kabla ya kumwuliza daktari wako, na mtindi wa maziwa mabichi uache kabisa. Kununua antibayotiki duka la dawa bila cheti ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa huua bakteria wanaokulinda na kuwaachia nafasi wale wabaya.

Hesabu safari zako za chooni. Zikizidi kawaida yako kwa nne au zaidi kwa siku, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Kunywa ORS kidogo kidogo, ukisoma kwenye pakiti kiasi cha maji, maana pakiti hazilingani. Ukiikosa, changanya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kula wali laini, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha. Pilipili, maharage, vyakula vya mafuta mengi na maziwa yasiyoganda vipumzishe kwanza.

Anayetibiwa kwa irinotekani mara nyingi hupewa loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, ya kwenda nayo nyumbani. Aianze mara choo kinapolegea, kama alivyoelekezwa. Ambaye hakuandikiwa asijinunulie, hasa akiwa na homa au akiona damu. Na anayepata dawa za kuamsha kinga ya mwili asisubiri hata kidogo: kuhara kwake kunaweza kuwa ni kinga yenyewe inayoushambulia utumbo, na hutibiwa hospitali.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu kwenye choo, kizunguzungu, mkojo kupungua, au kutapika kila unachokunywa: nenda hospitali usiku huohuo. Chukua kadi yako ya kliniki, na ukifika tu mwambie muuguzi wa zamu kwamba uko kwenye matibabu ya saratani, jina la dawa, na tarehe uliyoipata mara ya mwisho. Asipoyajua hayo, anaweza kukuweka kwenye foleni ya wagonjwa wa tumbo la kawaida.