Hesabu Deki Kabla ya Kununua Filamu

Mdogo wangu wa Kilindoni, unasema una akiba kidogo, una kibaraza pembeni ya duka la mjomba, na unataka kuanza kukodisha filamu. Sikukatazi. Ila barua nzima umenitajia filamu unazozipenda wewe, mteja hukunitajia hata mmoja.

Basi kabla hujapanda boti ya Nyamisati kwenda kununua mzigo Kariakoo, chukua daftari upite mtaani. Uliza nyumba ipi ina runinga na deki inayofanya kazi. Wanaoangalia kwenye simu wasikuumize kichwa, hao wanarushiana bure.

Halafu piga hesabu. Tuseme sidii moja imekugharimu shilingi 5,000, nawe unaikodisha 500 kwa usiku. Lazima itoke mara kumi ndipo hela yake irudi, na hapo hujagusa nauli. Sasa mtaa wenye deki nane utakupa mara kumi kutoka wapi? Filamu ikishaingia nyumba tatu, majirani wakajazana mlangoni, imekwisha; kesho watoto wanaisimulia kisimani mpaka mwisho. Ndiyo maana usinunue mia kwa mkupuo. Nunua chache uzizungushe: wiki mbili Kilindoni, kisha Kirongwe, kisha Utende, kwa mtu unayemwamini mkagawana mapato. Lakini zipo zinazorudiwa. Mimi ningeweka za mwigizaji marehemu Kanumba. Kafariki tangu 2012, na mama mmoja namjua, kila akiangalia analia palepale.

Bei ya usiku mmoja iwe ya watu wa mjini. Mteja wa kisiwa cha Jibondo hurudi chombo kikirudi, na kusi ikikaza atakaa na sidii yako siku nne bila kosa lake. Ukimtoza faini ya kila siku utamkosa kabisa. Mtoze kwa safari, achukue tatu kwa pamoja, aache dhamana.

Wala usitazamie mwisho wa mwezi kama karani. Bamvua ikifika, kina mama wakashuka mwambani kwenye pweza, hela inaonekana. Maji mafu utakaa unapepea nzi. Ramadhani pumzika, filamu mpya zingojee Idi.

Huyo rafiki anayekushauri ununue moja halisi kisha udurufu nyingine nyumbani, mwambie aje akae dukani yeye siku ya ukaguzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalikataza hilo, na hata kukodisha ni haki ya mwenye filamu, kwa hiyo pata ruhusa. COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, watakueleza pa kuanzia. Ukinunua tazama stempu za TRA, zilianza kubandikwa 2013. Leseni utaipata halmashauri, ukiwa na TIN mkononi. Na usijaribu kuweka mabenchi hapo kibarazani ukatoza kiingilio kimyakimya. Hicho tayari ni kibanda umiza, na maonyesho ya hadharani yana sheria yake tangu 1976 na Bodi ya Filamu yake.

Sidii zikirudi zitakuja na mchanga, chumvi na vidole vya mafuta ya samaki. Chukua kipande cha khanga kuukuu iliyolainika, futa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Ukizungusha kitambaa, mkwaruzo mmoja unafuata njia ya picha na filamu inakwama pale pale watu wanapotaka kujua nani kaua. Ijaribu kwenye deki mteja akiwa bado amesimama, siyo akishaondoka.

Kuhusu shangazi yako anayetaka kuchukua bure: mpe, shangazi ni shangazi. Lakini moja kwa wiki, siku ya Jumatatu ambayo hakuna wateja, na jina lake liandikwe daftarini kama la mtu mwingine yeyote. Akinuna, mwambie ni mimi dada yako niliyesema.