Jumatano: Kutoka Mara Hadi Elimu

Soma Kutoka 15:22–27. Siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu Israeli waimbe kando ya Bahari ya Shamu. Ni nini kilichougeuza wimbo wao kuwa manung'uniko?

Tusiwahukumu haraka. Kusafiri jangwani siku tatu bila kupata maji, pamoja na watoto, wazee na mifugo, si jambo dogo. Tena walipoyaona maji ya Mara, hawakuweza kuyanywa. Kuyaona maji na kushindwa kuyanywa huumiza kuliko kutoyaona kabisa.

Kaskazini mwa Kenya kuna mahali panapotusaidia kulielewa fungu hili. Ziwa Turkana, lenye urefu wa karibu kilomita 290, limezungukwa na nchi kavu yenye joto na upepo mkali. Mwaka 1888 msafara wa Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel ulifika kwenye ziwa hilo ukiwa na kiu. Watu waliyakimbilia maji kwa furaha, kisha wakaonja: yalikuwa ya magadi.

Familia moja ya waumini ilisafiri kwa gari kwenda huko, ikilala katika mahema njiani. Baba, mama na watoto watatu walipita Maralal, Baragoi na South Horr. Ijumaa, siku ya tatu ya safari, gari lilitikiswa sana na mawe ya volkano. Waliposimama wakakuta dumu kubwa limepasuka na maji yote yamemwagika. Baba akamlaumu mama kwamba hakulipanga vizuri. Mama akamkumbusha ni nani aliyekuwa akiendesha kwa haraka. Walipofika juu ya kilima, ziwa likaonekana lote, la kijani kibichi. "Baba, tazama maji yote yale!" akasema mtoto mdogo. Hakuna aliyemjibu.

Kabla jua halijatua waliingia Loiyangalani, mji mdogo kando ya ziwa. Pale, katikati ya ukame, mna miti ya jamii ya mitende na chemchemi ya maji yanayonyweka. Wakachota, wakanywa, wakapiga hema. Walipokusanyika kufungua Sabato, baba hakuanza na wimbo. Aliwaambia watoto, "Mlinisikia njiani nikimlaumu mama yenu. Sasa mnisikie nikimwomba msamaha."

Turudi kwenye fungu letu. Linganisha Kutoka 15:24 na mwanzo wa fungu la 25. Kiu ilikuwa moja. Musa naye alitembea siku zile tatu. Tofauti ni mahali kila mmoja alipoipeleka shida yake. Watu walimnung'unikia Musa. Musa alimlilia Bwana. Bwana hakumkemea kwa kulia. Alimwonyesha mti, na maji yakawa matamu palepale.

Angalia tena fungu la 27. Kambi iliyofuata ilikuwa Elimu, penye chemchemi 12 na mitende 70. Mungu aliijua Elimu wakati watu waliponung'unika Mara. Hata hivyo hakuwarusha juu ya Mara, kwa kuwa huko ndiko alikowajaribu na kujifunua kwao kuwa ndiye awaponyaye.

Nyumbani pia dumu hupasuka: kazi hukoma, ada ya shule hukosekana, ugonjwa huingia. Siku hiyo watoto husikiliza kuliko siku zote. Wanajifunza kutoka kwetu kama shida hupelekwa kwa Mungu au hutupiwa mtu aliye karibu.

Soma Wafilipi 2:14, 15 na Zaburi 142:1, 2. Kuna tofauti gani kati ya kumnung'unikia mtu na kummiminia Mungu malalamiko yetu?

Je, kuna mtu wa nyumbani mwako aliyebeba lawama za kiu yako? Utamwambia nini kabla ya Sabato hii kuingia?