Dondoo muhimu: Kabla ya kufunga jenereta nyumbani
Usichomeke kamwe waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani. Umeme hurudi hadi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi wa TANESCO anayeamini laini imezimwa. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA akufungie chenjiova, swichi inayotenganisha umeme wa gridi na wa jenereta.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka madirishani. Barazani hapafai, hata mvua ikinyesha. Ijengee kibanda kilicho wazi pembeni.

Friji ya wati 150 huweza kuvuta mara 3 ya hizo inapoanza kuwaka. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua jenereta.

Petroli? Zima jenereta, iache ipoe, ndipo ujaze.