Kabla Rezo Haijakatika: Kuhifadhi Kurasa za Intaneti Kasongo na Kabambare

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Kongo nzima, na haikurudi hadi Januari 2019 ilipokuwa imevuka nusu. Aliyekuwa na kurasa zake ndani ya simu aliendelea kuzisoma. Kwetu kusini mwa Maniema hata amri ya kuzima haihitajiki: toka Kasongo mjini uelekee Kipaka, au pita Kabambare kwenda Salamabila, rezo itakuacha njiani siku yoyote.

Kuacha wazi si kuhifadhi

Ukurasa ulioachwa wazi kwenye simu ni wa kuazima. Kumbukumbu ya simu ikijaa, simu huutupa, nawe ukiugusa tena huuomba upya mtandaoni. Alamisho nayo hutunza anwani tu. Kilichohifadhiwa kweli ni faili, na tabia ya faili utaijua kwa herufi zinazofuata nukta ya mwisho ya jina lake.

.html au .htm

Hapa mna maandishi na maagizo ya kuyapanga. Picha hazimo. Ukiwa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na S pamoja, kisha chagua aina yenye neno «complète»: utapata faili moja na folda kando yake, ambayo jina lake huishia na _files au _fichiers. Folda hiyo ndiyo yenye picha. Wengi hunakili faili kwenye flashi na kuiacha folda mjini. Wakifika Kabambare, penye ramani au mchoro pana kisanduku kitupu. Viwili hivyo visafiri pamoja, na jina la folda lisiguswe.

.mhtml

Ni maandishi na picha ndani ya faili moja, utaratibu uliowekwa mwaka 1999. Chrome ya simu za Android huhifadhi hivi ukigusa mshale unaotazama chini. Kwa kusoma mwenyewe, hakuna njia nyepesi zaidi. Kwa kumtumia mwenzako, si nzuri sana: Firefox hailifungui, na baadhi ya simu huonyesha msururu wa herufi zisizosomeka.

.pdf

Kwa jambo la kupeleka ofisini, shuleni au kwa mtu wa kupigisha kopi, tunapendekeza hili kuliko mengine yote. Kampuni ya Adobe ililitoa mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa, ndiyo maana hufunguka karibu kila mahali. Simu nyingi za kwetu zinasema Kifaransa, basi tafuta «Partager», kisha «Imprimer», kisha «Enregistrer au format PDF».

Chukua mfano wa mchimbaji wa dhahabu Salamabila anayetaka kujua sheria inasema nini juu ya maeneo ya wachimbaji wadogo. Sheria ya madini ni ya tarehe 11 Julai 2002, ikarekebishwa tarehe 9 Machi 2018, na maandishi yote mawili yanazunguka mtandaoni. Ahifadhi yale yenye marekebisho, na tarehe aiandike katika jina la faili: sheria-madini-2018.pdf. Kisha ndani ya PDF anaweza kutafuta neno «artisanale» na kufika kwenye kifungu bila kupekua kila ukurasa. Picha za skrini (.jpg au .png) hazimpi nafasi hiyo. Zinafaa kwa namba ya simu au tangazo fupi tu.

.zim

Walimu, hili ni lenu. Kwa programu ya bure iitwayo Kiwix, faili moja la .zim hubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili. Mtu mmoja hulipakua Kindu au Kasongo, wengine wakalinakili kutoka simu hadi simu bila kuchoma megabaiti.

Ya kutilia shaka

Ukiahidiwa matokeo ya mtihani ukaletewa faili la .apk, lifute. Hilo ni programu ya kuingia ndani ya simu, wala si karatasi. Faili la .php si hatari kwa kawaida. Libadilishe jina liishie .html, huenda likafunguka. PDF ya kilobaiti chache inayokataa kufunguka mara nyingi ni ukurasa wa kosa uliovishwa jina la PDF: pakua tena. Na usihifadhi ukurasa wa barua pepe yako kwenye kompyuta ya watu, maana barua itabaki humo.

Kabla ya kupanda pikipiki

Teremsha ukurasa mpaka chini kabisa kabla ya kuuhifadhi, kwa sababu tovuti nyingi huleta picha pale tu unapozifikia. Video haitaingia; ipakue peke yake. Halafu washa «mode avion», fungua faili, usome hadi mstari wa mwisho. Kama kuna kilichokosekana, bado uko mjini na rezo ipo.